Kitambaa cha Mwanafunzi si Adui wa Jamhuri

Kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano sasa Jamhuri ya Ufaransa imekuwa ikibishana juu ya kitambaa. Tume zimeundwa, mawaziri wametoa nyaraka, wabunge wamepitisha sheria, na kila mara shitaka limekuwa lile lile: kwamba Mwislamu aliyehamia katika nchi hiyo, pamoja na mtoto na mjukuu aliyezaliwa huko, hataki kuchangamana na wenzake, kwamba ameyaweka maadili ya dini yake juu ya sheria za nchi, na kwamba dalili ya ukaidi huo ni kitambaa anachojifunga binti yake kichwani anapokwenda shule.

Shitaka hilo yafaa lipimwe na kila mtumishi wa umma na kila mwalimu, hata aliye mbali na Ufaransa, kwa kuwa linagusa kiini cha kazi yake. Dola isiyofungamana na dini yoyote yadai nini kwa mtumishi wake? Na yadai nini kwa mwananchi anayehudumiwa? Hayo ni maswali mawili mbalimbali. Ufaransa imeyachanganya. Imechukua kanuni njema iliyotungwa ili kumfunga mwenye madaraka, ikaifanya kamba ya kumfunga mtoto.

NANI ALIMHAMIA NANI?

Wapo wasemao kana kwamba Uislamu uliingia Ufaransa jana, ukiwa ndani ya mzigo wa mhamiaji. Historia inawakanusha. Mwaka 1830 majeshi ya Ufaransa yalitua Algiers bila kualikwa na mtu, na utawala wao katika Algeria ukadumu miaka 132. Mwaka 1841 kisiwa cha Mayotte, mmoja wa ndugu wa visiwa vya Komoro, kiliuzwa kwa Ufaransa na Sultani Andriantsouli. Watu wa kisiwa hicho, ambao wengi wao ni Waislamu na ambao lugha yao ni jamaa ya Kiswahili, waliingia chini ya bendera ya Ufaransa miaka 19 kabla ya mji wa Nice, uliounganishwa na nchi hiyo kwa mara ya mwisho mwaka 1860. Mtu wa Nice haambiwi kwamba ni mgeni. Mtu wa Mayotte, ambayo tangu mwaka 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa, angali akiulizwa ametoka wapi.

Katika Vita Kuu ya Kwanza makumi ya maelfu ya askari Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini na Afrika Magharibi walikufa wakiipigania nchi hiyo. Kwa ukumbusho wao Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria mwaka 1920 ya kutoa faranga 500,000, na Msikiti Mkuu wa Paris ukafunguliwa mwaka 1926 mbele ya Rais Gaston Doumergue. Ikumbukwe kwamba sheria ya kutenganisha dola na makanisa, inayokataza dola kugharimia ibada, ilikuwa imekwisha kupitishwa tangu mwaka 1905. Damu ya Mwislamu ilipohitajiwa, njia ya kumfadhili ilipatikana.

Na huko makoloni je? Mwaka 1907 sheria hiyo ya 1905 ilipelekwa Algeria kwa amri iliyoacha mlango wa nyuma wazi: serikali ya kikoloni iliendelea kuwalipa posho maimamu iliowataka, na hivyo kuishika misikiti mkononi. Umoja wa Maulamaa wa Algeria, ulioanzishwa mwaka 1931 chini ya uongozi wa Abdelhamid Ben Badis, ulidai kwamba utengano wa dola na dini utekelezwe kwa Waislamu pia. Dai hilo halikutimizwa. Maana yake ni nini? Ni kwamba Waislamu waliiomba Ufaransa iitii kanuni yake yenyewe, na mkoloni ndiye aliyekataa. Leo wajukuu wa waliokataliwa wanasomewa kanuni hiyo kana kwamba hawajapata kuisikia.

SALA ILIPOKUWA NJEMA KIWANDANI

Baada ya Vita Kuu ya Pili mabwana wa viwanda na migodi walihitaji mikono ya kazi. Mikataba ya kuleta wafanyakazi ilitiwa sahihi na Moroko na Tunisia mwaka 1963. Katika vijiji vya kusini mwa Moroko alipita Félix Mora, afisa wa zamani wa utawala wa kikoloni, akiyachagulia makampuni ya makaa ya mawe ya kaskazini vijana wenye nguvu. Walipangwa mstari vifua wazi, wakakaguliwa misuli na meno. Aliyefaa alipigwa muhuri wa kijani mwilini, na asiyefaa muhuri mwekundu. Makumi ya maelfu walichukuliwa hivyo. Hakuna aliyewauliza habari za maadili ya Jamhuri. Waliulizwa kama mapafu yao ni mazima.

Wahenga wa Kiswahili walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakungoja siku ya tatu. Alipewa jembe kabla hajapewa kitanda. Huko Nanterre, karibu kabisa na Paris, maelfu ya Waalgeria waliishi katika vibanda vya mabati na mbao, katikati ya matope. Na walipotoka kuandamana kwa amani tarehe 17 Oktoba 1961, wakipinga amri ya kutotembea usiku iliyowekwa juu yao peke yao, polisi wa Paris chini ya Maurice Papon waliwapiga na kuwaua, na wengine wakatupwa katika mto Seine. Ilipita miaka 60 kabla Rais wa nchi hiyo hajatamka, mwaka 2021, kwamba matendo ya siku ile yalikuwa uhalifu usiosameheka.

Jambo moja katika historia hiyo lingetosha kuwanyamazisha wasemao kwamba tatizo ni dini. Mwaka 1976 kiwanda cha magari cha Renault huko Billancourt kiliwafungulia wafanyakazi Waislamu chumba cha sala, na viwanda vingine vya magari vikafuata. Mabwana wa viwanda hawakuogopa msikiti. Walijua kwamba mfanyakazi aliyepewa mahali pa kusali huenda asidai nyongeza ya mshahara upesi. Lakini mwaka 1982 na 1983 wafanyakazi hao hao, katika viwanda vya Citroën na Talbot, waliweka zana chini na kudai heshima, mshahara na haki ya kuchagua chama chao cha wafanyakazi. Hapo ndipo dini yao ilipogeuka kuwa hatari. Waziri Mkuu Pierre Mauroy, wa serikali iliyojiita ya kijamaa, alitangaza Januari 1983 kwamba wahamiaji waliogoma walichochewa na makundi ya kidini na ya kisiasa. Sala iliyokuwa njema kwa tajiri ilipokuwa ya kimya, ikawa fitina mwenye kusali alipodai haki yake. Hiyo ndiyo siku halisi ya kuzaliwa kwa lile liitwalo leo tatizo la Uislamu.

Tena, mwaka huo huo wa 1983, vijana waliozaliwa na wahamiaji hao walitembea kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris. Walipoingia mji mkuu tarehe 3 Desemba, watu wapatao 100,000 waliungana nao. Walidai nini? Walidai usawa na kukomeshwa kwa ubaguzi wa rangi. Kama kuna siku ambayo mtoto wa mhamiaji aliigongea Jamhuri mlango akitumia maneno ya Jamhuri yenyewe, ni siku ile. Walipewa kibali cha ukaaji cha miaka kumi. Kazi, nyumba njema na heshima ya polisi wakaambiwa wangoje.

KUTOKA KWA MTUMISHI HADI KWA MTOTO

Miaka sita baadaye, wasichana watatu walifukuzwa shuleni katika mji wa Creil kwa kukataa kuvua vitambaa. Baraza la Dola, ambalo ndilo chombo cha juu cha sheria za utawala, lilitoa maoni yake tarehe 27 Novemba 1989, na maoni hayo yalikuwa ya busara: kuvaa alama ya dini si peke yake kosa, mradi mwanafunzi hasumbui wenzake, hakimbii masomo, wala havurugi utaratibu. Mwalimu ndiye mtumishi wa dola, na ndiye apaswaye kuwa kati na kati. Mtoto si mtumishi wa mtu, amekuja kufundishwa.

Siasa haikuridhika na busara hiyo. Mwaka 2003 iliundwa tume chini ya Bernard Stasi, na sheria ya tarehe 15 Machi 2004 ikapiga marufuku alama za dini zinazoonekana wazi katika shule zote za umma. Watetezi wa sheria hiyo husahau kwa makusudi sehemu ya pili ya kazi ya tume. Tume ilipendekeza pia kwamba sikukuu ya Idi kubwa na siku ya Kipuri ya Wayahudi ziwe siku za mapumziko katika shule zote, na ilitaka ubaguzi katika mitaa ya maskini ushughulikiwe. Pendekezo la kukataza likawa sheria kwa miezi michache. Pendekezo la sikukuu likatupwa kapuni. Mizani ya namna hiyo haihitaji mtaalamu kuisoma.

Kamba ikishaanza kukazwa hukazwa tena. Mwaka 2010 ulikatazwa ushungi unaofunika uso mahali popote pa hadhara. Agosti 2023 Waziri wa Elimu Gabriel Attal alipiga marufuku abaya, vazi refu ambalo hata baadhi ya viongozi wa Kiislamu walisema si la dini. Siku ya kwanza ya masomo wasichana 298 walifika shuleni nchini kote wakiwa wamelivaa, na 67 waliokataa kulivua wakarudishwa nyumbani. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 mwanamichezo wa nchi ya kigeni aliruhusiwa kufunika nywele zake. Mwanamichezo Mfaransa alikatazwa. Mgeni wa wiki mbili akapata uhuru mkubwa kuliko mwananchi. Februari 2025 Seneti ikapitisha muswada wa kuupeleka mwiko huo katika mashindano ya michezo nchini kote. Ni dhahiri basi kwamba ulinzi wa mtumishi asiyependelea umekwisha kusahauliwa, na sasa anawindwa mwananchi popote alipo.

VIPIMO VIWILI

Huenda mtu akasema kwamba Ufaransa ni kali kwa dini zote sawasawa. Ingekuwa hivyo, ukali huo ungeheshimika. Lakini katika mikoa ya Alsace na Moselle, iliyokuwa chini ya Ujerumani sheria ya 1905 ilipopitishwa, dola yaendelea hadi leo kuwalipa mishahara mapadri, wachungaji na marabi, na dini hufundishwa katika shule za umma. Maimamu hawamo katika mishahara hiyo. Tangu mwaka 1959 dola hulipa mishahara ya walimu wa shule binafsi zilizotiliana mkataba nayo, na sehemu kubwa sana ya shule hizo ni za Kikatoliki. Katika sikukuu 11 za taifa, sita ni za Kikristo. Hakuna haja ya kuyaonea wivu mambo hayo; ni urithi wa historia ya watu, na kila taifa lina urithi wake. Ila dola iliyoweza kuvumilia urithi huo wote bila kubomoka haiwezi kudai kwamba itabomoshwa na shali ya msichana wa miaka kumi na minne.

Na huko nje ya shule, nani anayekataa kuchangamana? Watafiti Claire Adida, David Laitin na Marie-Anne Valfort walichapisha mwaka 2010 jaribio walilolifanya Ufaransa. Walipeleka barua za kuomba kazi za wanawake wawili wa kubuni, wenye elimu sawa, ujuzi sawa na jina moja la ukoo la Kisenegali. Mmoja akionyesha kuwa Mkatoliki, mwingine Mwislamu. Yule Mwislamu aliitwa kwa mahojiano mara mbili na nusu pungufu kuliko mwenzake. Wote wawili walikuwa weusi, wote wa ukoo wa mhamiaji. Mtu anayefungiwa mlango kisha akalaumiwa kwa kusimama nje anaonewa mara mbili.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Ziko hoja nzito za upande wa pili, na si haki kuzipita kimya. Ya kwanza ni kwamba baadhi ya wasichana hulazimishwa na baba, kaka, au vijana wa mtaani. Ni kweli. Tume ya Stasi iliwasikia wasichana wakilalamika hivyo, na kumlazimisha msichana ni dhuluma, iwe imefanywa kwa jina la mila au kwa jina la Mungu. Lakini ni nani aliyeadhibiwa na sheria? Kaka hakuguswa. Aliyefukuzwa ni dada, akarudishwa katika nyumba ile ile aliyolazimishwa. Watafiti Aala Abdelgadir na Vasiliki Fouka walionyesha mwaka 2020 kwamba sheria ya 2004 ilipunguza idadi ya wasichana Waislamu waliomaliza masomo ya sekondari. Wapo wataalamu wengine waliochunguza waraka wa mwaka 1994 wakaona matokeo mema. Ila waraka ule uliacha nafasi ya mazungumzo na upatanishi kati ya shule na wazazi. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Mwalimu mwenye subira hufungua mlango ambao amri huufunga.

Hoja ya pili ni damu. Oktoba 2020 mwalimu Samuel Paty aliuawa kikatili karibu na shule yake baada ya kufundisha juu ya uhuru wa kusema na kuwaonyesha wanafunzi vibonzo vya Mtume. Oktoba 2023 mwalimu Dominique Bernard aliuawa katika mji wa Arras. Mwaka 2015 watu 130 waliuawa Paris na Saint-Denis katika usiku mmoja. Mbele ya mambo hayo hapana nafasi ya kigugumizi. Mwalimu akiuawa kwa sababu ya somo, kila mwalimu duniani ametishwa. Hakuna mzazi, shehe, padri wala jirani mwenye haki ya kumchagulia mwalimu somo la kufundisha au kuacha, na muumini asemaye "alitukana dini, alijitakia" amejiunga na muuaji kwa ulimi wake. Lakini muuaji hakamatwi kwa kupima urefu wa gauni la mwanafunzi. Dola inayomtazama kila msichana mwenye shali kama askari wa jeshi la wauaji inawapa wauaji kile wanachokitafuta, yaani ushahidi wa kuwaonyesha vijana kwamba hawana nchi.

Hoja ya tatu ni kwamba wahamiaji hufuata sauti za nje. Nani alizileta? Kwa miongo mingi serikali ya Ufaransa yenyewe ilipatana na Algeria, Moroko na Uturuki zilete maimamu wanaolipwa na nchi hizo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kushughulika na balozi kuliko kushughulika na wananchi. Utaratibu huo ulitangazwa kukomeshwa mwaka 2020, na kuanzia Januari 2024 maimamu wapya wa namna hiyo hawakupokelewa. Ni hatua njema iliyochelewa. Mwenye kuagiza kuni asilalamike juu ya moshi.

LIPASALO KUTENDWA

Kuchangamana ni kazi ya pande mbili. Mhamiaji anao wajibu wake, na asiyetaka kuutaja hamsaidii. Yampasa ajifunze lugha ya nchi, atii sheria zake, ampeleke binti yake katika kila somo, liwe la baiolojia, la historia au la kuogelea, na akubali kwamba dini yake itakosolewa kama dini nyingine. Yampasa pia amlinde msichana asiyetaka kujifunika kwa nguvu ile ile anayomlinda anayetaka. Uhuru unaodaiwa kwa upande mmoja tu ni hila.

Dola nayo ina wajibu mzito zaidi, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Yapasa irudi kwenye busara ya mwaka 1989: mwalimu, hakimu, polisi na karani wasionyeshe dini yao kazini, na mwanafunzi aachiwe nguo yake mradi anasoma. Yapasa imwadhibu anayelazimisha, si anayelazimishwa. Yapasa imfuatilie mwajiri abaguaye kwa bidii ile ile inayomfuatilia mwanafunzi mlangoni mwa shule. Yapasa zaidi ya yote ivishughulikie vitongoji ambavyo wahamiaji walihamishiwa baada ya vibanda vya mabati kubomolewa. Oktoba 2005 vijana wawili walikufa kwa umeme huko Clichy-sous-Bois wakiwakimbia polisi, na mitaa ikawaka moto kwa majuma matatu. Serikali ilitangaza hali ya hatari kwa kutumia sheria ya mwaka 1955, iliyotungwa kwa ajili ya vita vya Algeria. Wajukuu wakatawaliwa kwa sheria iliyotungwa dhidi ya babu zao, kisha wakaulizwa kwa nini hawajioni Wafaransa.

Mwalimu wa Kitanzania hahitaji kwenda Paris ili kulielewa jambo hili. Katika darasa lake binti mwenye ushungi na binti asiye nao huketi dawati moja, hugawana kitabu kimoja na kufanya mtihani mmoja, na Serikali isiyo na dini haijapungukiwa na kitu. Si kwamba hapa hakuna ugomvi wa dini. Upo, na unahitaji kuchungwa kila siku. Ila imejulikana kwamba kuchungwa huko kunaanza kwa mtumishi wa umma kujitazama mwenyewe. Karani asiyeuliza jina la mwombaji ni la msikitini au la kanisani, mwalimu asiyesahihisha mtihani kwa kutazama kichwa cha mtoto, hakimu asiyependelea aliyesali naye: hao ndio dola isiyofungamana na dini. Ufaransa ilipata kulijua hilo na kulifundisha kwa wengine. Hapana budi ilirudie, na ianze kwa kumfungulia mlango mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani.